Kigoda cha Miguu cha Volti 110

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: anajulikana mtaani kama Mwalimu Samahani. Umri: miaka 78. Hali: mgane. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali.

Naeleza kwa hiari yangu, nikiomba radhi kwa kumpotezea Koplo muda.

Marehemu mke wangu alikuwa mpiga chapa wa misheni. Alipostaafu alizawadiwa kompyuta yake, mashine nzito ya ng'ambo inayotumia umeme wa volti 110. Huku kwetu ni volti 240. Chini ya meza yake palikaa sanduku la chuma lenye joto, limefunikwa kitambaa, naye aliweka miguu juu yake. Kwa miaka ishirini na miwili nilidhani ni kigoda cha kupashia miguu, kwani ilimuuma sana. Sikuuliza. Niliona si adabu kuchungulia chini ya meza ya mtu anayefanya kazi.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa tatu asubuhi, nilitamani kusoma barua alizoniandikia ndani ya kompyuta hiyo. Sanduku nilikuwa nimelihamishia jikoni kuzuia mlango. Plagi ya kompyuta ilipokataa kuingia ukutani, nilinunua adapta ya plagi, nikachomeka na kuwasha. Ukasikika mlio, pu! Ukafuata moshi. Nakiri kwamba niliiomba mashine msamaha.

Saa tano alifika Fundi Waya, mtengeneza redio.

"Mzee, transfoma ya kushusha umeme iko wapi?"

Nikajibu kuwa sina kitu kama hicho. Alipokwenda jikoni kunywa maji, akajikwaa kwenye sanduku.

"Mzee wangu! Si hii hapa, umeiajiri ubawabu!"

Nilimwachia ufunguo aje kuichukua mashine siku nikiwa kliniki.

Tarehe 11, saa nne asubuhi, jirani yangu mshonaji alimwona akitoka na mashine ndani ya shuka. Akapiga yowe: "Mwizi! Anamwibia mzee wa watu!" Simlaumu. Kosa ni langu, sikumwarifu. Nimepata habari leo, tarehe 12, kwamba Fundi yuko mahabusu, nikaja mbio hapa kituoni kadiri ya magoti yangu.

Koplo aliniomba risiti ya mashine, iliyokuwa mezani kwake kama kielelezo. Sina. Nikaeleza kwamba barua zile zimefungwa kwa neno la siri, nalo ni jina aliloniita mke wangu tukiwa wawili tu. Mshonaji akalileta sanduku kichwani kutoka nyumbani kwangu, akihema: "Kigoda gani hiki, kizito kama jiwe la kusagia!" Fundi, akitolewa mahabusu kwa muda, akabadilisha fyuzi na kapasita iliyoungua, akaunganisha mashine kwenye sanduku, na sanduku ukutani. Kioo kikawaka kijani.

"Haya, mzee, andika," akasema Koplo.

"Mbele ya watu wote hawa, afande?"

"Geukeni!"

Wakageuka wote, hata waliokuwa mahabusu. Barua ikafunguka.

Kwa hiyo Fundi si mwizi, na mimi ndiye niliyeunguza. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo hadi mwisho, sina la kuongeza ila samahani.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyakubali. Mtuhumiwa ameachiwa huru saa 9:20 alasiri. Neno la siri halikuandikwa, kwa ombi la shahidi. Hadi nafunga jalada hili saa 10:45, shahidi bado yuko mezani kwangu anasoma, miguu yake ikiwa juu ya sanduku.