Kichwa Chako Gazetini

Ndugu yangu Ogeto,

Kabla ya salamu: kama binti yako Moraa bado anatetemeka kwa homa, weka barua hii chini umpeleke hospitali ya Nyamira. Hasira zangu zitakungoja mezani.

Umempeleka? Haya, hamjambo nyote? Mimi mzima, ila baridi ya Uingereza na wewe mnanimaliza.

Unajua kilichonileta huku. Ni ufadhili wa wanafunzi wa uandishi wa habari, tuandike magonjwa ambayo dunia imeyapa kisogo. Nikaandika malaria yetu ya milimani: jinsi ilivyoondoka na watu Magwagwa baada ya mvua za masika, wagonjwa wawili wawili kitandani, na wakubwa wakisema huko juu kwenye baridi hakuna mbu. Mhariri akaniahidi ukurasa mzima. Nilifurahi kama mjinga.

Wiki iliyopita nikafungua gazeti. Malaria haimo. Pale pale pamewekwa picha ya baba ameshika kisu, amemwinamia mtu aliyelala mkekani, kichwa kimelowa damu. "Wapasua vichwa wa Kisii." Nikayatazama masikio ya mgonjwa. Nani mwingine ana masikio hayo katika ukoo wetu?

Huna haya. Kichwa chako hakijawahi kuuma hata siku ya mtihani. Mke wako ameniandikia kwamba damu ilikuwa ya kuku, na kuku mwenyewe mkamla na mpiga picha. Baba ni omobari wa kweli, mganga wa kupasua vichwa, amefungua mafuvu ya watu waliopigwa rungu wakapona. Wewe ukamdanganya kwamba huyo mpiga picha ni daktari amekuja kujifunza. Mzee wa watu akamvulia kofia.

Halafu inakuja barua yako: "Sista, tuma dawa ya malaria, hapa dispensari imeisha." Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wewe umemtanguliza mtoto.

Nimempelekea mhariri barua hiyo. Nikamwambia wa pichani ni ndugu yangu, mzima kabisa, na mgonjwa ni binti yake. Akavua miwani, akauliza, "Kuna picha ya mtoto?"

Nimemwambia hakuna. Wala usithubutu kupiga.

Nisalimie baba, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie mke wako aliyesema kweli, na shangazi wa Birongo. Wewe sikusalimii mpaka nisikie Moraa amepona. Akizidiwa kwa uzembe wako, nitarudi nikutoboe kichwa kwa mkono wangu, na safari hiyo hatutachinja kuku.

Dada yako,
Kwamboka