Bendera kwa Ajili ya Kisima

Asger,

Nguruwe nimeshawalisha. Mkate uko chini ya kitambaa. Yale madumu ya maji ya dukani ~~yarudishe stoo~~ mpe yeyote anayeyataka, sisi basi.

Ulikuwa bado unakoroma watu wa maabara walipopiga simu. Nitrati kisimani imeshuka, maji ni salama hata kwa chupa ya mjukuu wetu Signe. Unakumbuka nilivyokusihi uache kumwaga samadi kwenye shamba la juu ya kisima, kwa kuwa inapenya ardhini hadi majini, tupande klova badala yake, yale majani ya maua yasiyohitaji samadi? Ukawaambia ndugu zako mezani, "Huyu anataka tufuge vipepeo." Wakacheka wote. Iliniuma, lakini nilipanda.

Sasa sikiliza, mzee. Kahawa ipike kwa maji ya kisima. Halafu pandisha bendera uani, ile ya siku za kuzaliwa, na isiguse chini. Ndugu zako wakiiona watakuja kuuliza leo ni siku ya kuzaliwa ya nani. Mimi nimekwenda kumchukua Signe, kwa hiyo utawajibu wewe, kwa mdomo wako mwenyewe.

Mkeo,
mfuga vipepeo