Dodge Iliyokatwa Madigadi

Jumapili, 12 Aprili 2009

Pasaka. Verna kaja na pai ya tufaha. Hakuketi. Kasimama gereji akiitazama Dodge yangu ya 1970, ileile niliyokuwa nikimpitia kwao kabla hatujaoana. Ndoa ilikwisha zamani. Gari nilibaki nayo mimi.

Anataka kuikimbiza kwenye mashindano ya jangwani, mwezi wa tisa. Aendeshe yeye! Nikamwambia hii ni gari ya lami iliyonyooka, tumbo liko chini kama la nguruwe mwenye mimba.

— Basi inyanyue.

Mbona asinunue pikapu kama watu wote? Kasema pikapu hata shangazi yake anayo.

Na nani atachomelea? — Lonnie.

Lonnie ndiye mumewe wa sasa.

Pai ilikuwa nzuri. Nimeimaliza.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekubali. Tangu nistaafu mgodi wa jasi gari imekaa chini ya turubai. Naipaka nta, naing'arisha, naifunika. Mtu akiuliza inakwenda kasi gani, inabidi nikumbuke.

Jumamosi, 25 Aprili

Lonnie kaja na mashine ya kuchomelea. Mtu mkubwa, maneno yanamtoka polepole. Ananiita mzee ingawa tuko rika moja. Kachora mstari wa chaki juu ya digadi la mbele.

— Ukate wewe, mzee, au nikate mimi?

Nimekata mwenyewe. Cheche mpaka shingoni. Rangi ya chungwa ikaungua, harufu kama nywele. Verna akapiga makofi. Jirani yangu Pacheco alikuja hadi kwenye ua, akavua kofia kama yuko msibani. Mungu akusamehe, Marlin, akasema, akarudi kwake.

Nililala vizuri. Nilidhani sitalala.

Jumanne, 12 Mei

Ekseli ya lori imeingia. Springi mpya, shokapu ndefu, bamba la chuma chini ya injini. Ndani, kiunzi cha mabomba kumkinga dereva gari ikipinduka. Mshono wa Lonnie ni kama wa cherehani — lazima niseme ukweli. Inasimama juu sasa, magurudumu yote nje, kama kuku aliyenyonyolewa manyoya ya chini.

Mchana tulikula mikate aliyotuletea Verna. Wangu hauna vitunguu. Bado anakumbuka. Lonnie kaona.

— Wangu una vitunguu.

— Labda wewe anakupenda.

Alitafuna muda mrefu kabla hajacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 31 Mei

Verna kaiendesha mara ya kwanza, kwenye korongo kavu nyuma ya mji. Tulisimama ukingoni, mimi na Lonnie. Gari iliruka, magurudumu yote manne hewani — nikaona anga chini ya gari yangu! Ikatua. Ikaendelea.

Aliporudi alikuwa na vumbi hadi kwenye meno, anacheka, hawezi kusema. Nikamwambia Lonnie sijawahi kumwona akicheka hivyo, miaka yote ile. Lonnie katazama vumbi likitua. Halafu, chini chini: hata kwake, bado hajacheka hivyo.

Jumatano, 10 Juni

Kuna mlio nyuma ukikanyaga mafuta. Propela, ile shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nadhani. Verna anakwenda kwa dada yake, atarudi Jumamosi. Kasema asiiguse mtu mpaka arudi. Kasema akitutazama wote wawili.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika chini ya gari, kivulini.

Tuliigusa. Wazo la Lonnie, lakini funguo nilizileta mimi. Kama itakatika, tulisema, ikatike sisi tukiwemo, si yeye. Tukavuka ziwa kavu hadi kwenye mchanga upande wa kusini. Huko ikakatika. Propela ikapiga sakafu kama nyundo, ikaipasua, ikamkuta Lonnie kifundoni. Mguu umevimba kama boga. Simu haina mtandao. Maji yapo, ila si ya kuchezea.

Kaniambia niende kwa miguu, yeye atasubiri. Na jua hili? Nimekataa.

— Unanyamaza mno, mzee. Ndiyo maana alikuacha.

— Na wewe unaongea. Tutaona.

Tukakaa. Hapana kitu kinachotembea isipokuwa joto. Baadaye kasema, bila kunitazama, anaogopa siku Verna akishinda mashindano hatarudi nyumbani. Nikamwambia kwangu hakurudi, na hakuwa ameshinda chochote. Sijui kama ilimfariji. Nilimpa maji zaidi ya zamu yake. Hakugundua, au alijifanya.

Baadaye — vumbi! Mbali, kaskazini. Linakwenda moja kwa moja, halipungui kwenye mashimo. Hakuna mwingine anayeendesha hivyo. Bila shaka amefika kwangu, kakuta gereji tupu, kafuata alama za matairi. Lakini kwenye ziwa upepo umezifuta. Vumbi likaanza kupinda magharibi.

Nikatoa upepo kwenye tairi la akiba, nikalimwagia petroli, nikawasha. Moshi mweusi, mnene, umesimama kama mti.

Vumbi limesimama pia.

Lonnie: anafikiria. Mimi: Verna akisimama hafikirii, anakasirika. Lonnie kasema ndiyo, ni kweli. Kwa mara ya kwanza tumekubaliana juu ya mwanamke huyu.

Anauliza tutamwambia nini kwanza, gari au mguu. Nimesema mguu. Kasema hapana, ataulizia gari.

Linakuja. Kasi mno! Sasa naiona pikapu yenyewe, ya Lonnie, taa zimewashwa mchana kweupe. Lonnie anataka akutwe amesimama. Nimempa bega. Mzito, huyu. Ananuka vitunguu. Ameniambia nisimwachie, hata Verna akishuka na kupiga kelele, nisimwachie — naandika kwa mkono mmoja, mlango wa pikapu umefunguka, Verna anashuka, nafunga daftari.