Usirudi Bado, Mama Kyalo

Mama Kyalo, dada yangu wa pekee,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la ndengu. Watoto wamelala wote wawili, wako na wangu, miguu ya mmoja juu ya tumbo la mwenzake. Juzi ulipopiga simu ukilia, ukasema unaacha kazi ya chuo huko Ulaya urudi hapa Kanyangi, nilikwambia ulale kwanza, tutaongea. Sasa tuongee. Usirudi.

Najua kilichokuumiza. Kyalo alikuangalia kwenye simu akasema, "Anti!" Lakini wewe hujui huyu mtoto anavyoiga. Mwende wangu akisema kitu, na yeye anasema. Kwa Mwende wewe ni anti kweli, basi Kyalo akadaka hapo hapo. Wiki hii Mwende amemwita jogoo "mjomba". Kyalo naye, mjomba. Jogoo mwenyewe hakulia, wala hajaacha kazi.

Unakumbuka lile boksi lako la kuangua vifaranga? Ulikuwa bado sekondari. Ulitoa kile kifaa cha joto kwenye pasi mbovu ya mama, ukakifunga na taa, ukasema joto likizidi taa itajizima, likipungua itajiwasha. Mayai ya kwanza yakaiva kabisa. Mama akayamenya, akatia chumvi, akasema, "Hata hivyo tumekula." Mimi nilicheka mpaka nikaanguka. Wewe hukucheka. Ulishika bisibisi ukakaza kidogo, ukangoja, ukalegeza, ukangoja. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Naifundisha ijiangalie yenyewe." Vifaranga walipotoka, majirani walikuja kuchungulia kama tumezaa mapacha.

Mimi shule niliachia darasa la nane. Hiyo mekatroniki yako ya mashine na umeme siwezi kumweleza mtu. Lakini siku ile nilielewa wewe ni mtu wa nini.

Na siku uliyoondoka nilielewa zaidi. Kyalo alikuwa ananyonya. Ulimtoa kifuani kwako ukaniwekea upande huu, Mwende akiwa upande ule. Ukasema, "Atanisahau." Nikakuambia, "Nenda. Maziwa ni ya nyumba moja." Sikuwa nakuliwaza, dada. Nilikuwa nakuahidi.

Sasa nikwambie yale Shangazi Kamene hakukwambia alipokupigia akikusukuma urudi. Jumapili kanisani alimwendea mama mchungaji, na mama mchungaji akasimama mbele akasema tumuombee mtoto Kyalo, ambaye mama yake amemwacha akaenda kutengeneza maroboti. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikasimama. Mwende mgongoni, Kyalo mkononi, na yeye anavuta kitambaa changu cha kichwa mpaka kikaanguka.

Nikasema, "Hajaachwa. Ako na mama wawili. Mmoja ako kazini."

Shangazi akaniambia, "Keti, wewe. Unatuaibisha."

Nikamuuliza, "Shangazi, mwanao Mutua ni dereva wa lori, anarudi Krismasi kwa Krismasi. Watoto wake tuliwaombea lini?"

Halafu nyanya mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Si mfunge hayo maombi, nimeacha sufuria ya isyo kwa moto!" Kanisa zima likacheka. Mama mchungaji pia alicheka, ingawa alificha uso na Biblia. Nilitoka kichwa juu.

Kwa hivyo usinifanye niwe nimesimama bure.

Uliniambia siku ya kwanza kufundisha, kijana mmoja alikuuliza mwalimu ako wapi, ukamwambia, "Unaongea na yeye." Nimelisimulia hilo sokoni mpaka wauza nyanya wanalijua. Sasa huyo kijana aambiwe mwalimu amerudi kwao kwa sababu Shangazi alimpigia simu? Hapana. Walikupa miaka mitatu ya kufundisha na kufanya utafiti. Imalize yote. Ukichoka, choka ukiwa huko. Ukilia, nipigie, tulie pamoja, halafu uoshe uso uingie darasani.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Kuna siku wote wawili wana homa na mimi nalia nyuma ya nyumba. Kuna siku nakuonea wivu. Lakini nikifikiria Kyalo na Mwende wakikua wakijua kwamba mwanamke wa nyumba hii anaitwa mwalimu wa chuo, sitaki mtu aniondolee hiyo.

Hiyo barua ya kuacha kazi, kama umeiandika, ichane. Ukija likizo tutakuchinjia. Lakini ukija na masanduku yote, useme umeacha, utanikuta barabarani na hawa watoto wawili. Tutakusalimia vizuri, tukupe chai, na tukurudishe kiwanja cha ndege siku hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
mama yao huku nyumbani.