Kiti cha Bi Mkubwa Nimekisogeza

…na hilo la kiti, Kaka Nassor, ndilo nililotaka kukueleza tangu mwanzo, ila kila nikianza najikuta nimeishia kumsifia Jabir. Nisamehe. Nina majuma matatu tu ya ndoa, na bado akiingia mlangoni na mkoba wake wa karatasi za mizigo, moyo unaniruka. Ungenicheka. Ungesema, "Rukia, punguza, majirani wanasikia."

Sikuwahi kufikiri nitaolewa bila wewe. Baba hayupo, na wewe ndiye uliyesema utaniozesha kwa mkono wako. Badala yake Ami Khalfan alitoa idhini kwa simu kutoka Mombasa, ndoa ikafungwa sebuleni kwetu hapa mtaani Sanyuanli, na mimi nyuma ya pazia nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, hata wanawake wasijue wanifute machozi au wanipigie vigelegele. Ilikuwa miezi saba tangu tukuzike hapa hapa Guangzhou. Mama hajaliona kaburi lako ila kwenye picha niliyomtumia. Kila tukizungumza ananiuliza kama majani yameota.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatatu yake yakaanza yale mashindano yako.

Yale yale uliyoyazungumza kila ukinywa chai. Siku nne, viwanja vinne. Kila siku gari linakimbia mita mia nne zilizonyooka, mawili mawili kwa zamu, kisha gari lilelile linaingia barabara kuu na kwenda kwa magurudumu yake lenyewe hadi uwanja wa kesho. Halipakiwi kwenye lori wala halifuatwi na fundi. Ukikosa kurudisha kikaratasi cha muda wako hata siku moja, umetoka. Mwaka jana ulitoka siku ya pili, giaboksi ikafa, ukarudi Guangzhou ukivutwa kwa kamba, na juma zima hukusema na mtu. Kisha ukasema, "Mwakani Bi Mkubwa atamaliza."

Bi Mkubwa, gari lako jeupe! Ulidai ndiye mke wako wa kwanza, na yeyote atakayekuja baada yake sharti amheshimu. Hakuja mwingine. Ulianguka dukani ukichagua vipuri, ukalala hospitali siku tatu, ikawa basi.

Ni Jabir aliyesema, "Tumpeleke Bi Mkubwa akamalize. Hiyo ndiyo iwe fungate yetu." Niambie, Kaka, mwanamume gani mwingine angesema hivyo? Nilimbusu palepale mbele ya wapagazi na marobota yao, na sikuona haya. Mama alipigwa na butwaa. "Fungate ni siku saba ndani, mwanangu. Hiyo yenu ni fungate gani ya kulala na magurudumu?" Hakukosea. Kiti cha nyuma kilijaa matairi mawili ya mbio, jeki, spana, galoni la maji, na sanduku langu la kanga mpya juu yake.

Sasa sikiliza. Kiti cha dereva kilikuwa palepale ulipokiacha, nyuma sana, kwa ajili ya hiyo miguu yako mirefu. Jabir ni mrefu kama wewe, hakuhitaji kukigusa. Lakini tulikubaliana yeye ashindane na mimi niendeshe njiani ili apumzike, na nilipokaa, hii miguu uliyoiita ya bata haikufika kwenye klachi. Jabir akainama kushika kile kishikio cha chini. Nikamdaka mkono. "Usikiguse."

Alikwenda nyuma akachukua mto wetu wa harusi, ule Mama aliotudarizia foronya, akauweka mgongoni kwangu. "Haya, Bi Harusi, twende."

Nikaendesha hivyo siku tatu, mgongo juu ya maua ya Mama. Tulipita milima ya Qingyuan kwa mvua, malori mbele na nyuma, Jabir akinimenyea machenza na kunitia mdomoni kipande kimoja kimoja, na mimi nikiona kwamba hakuna mwanamke duniani mwenye raha kama yangu. Kisha mvua ikazidi, tukafunga vioo, na kile kiti kikatoa harufu yako. Udi na mafuta ya injini. Nililia, Kaka, kwa sauti, huku nikibadilisha gia. Jabir akaendelea kumenya machenza. Hakunitaka ninyamaze.

Siku ya tatu, njiani, paipu ya maji ikatoboka. Jabir akaharakisha akafungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Mara ngapi ulimkataza? Mvuke ukamchoma kiganja chote cha kulia. Alisimama kando ya barabara amekunja uso, akasema, "Shemeji ananicheka huko aliko." Aliyetuokoa ni jamaa mnene wa kigari cha umeme cha rangi ya waridi, mshindani mwenzetu, ambaye tulikuwa tukimwita Laoban, yaani bosi, kwa jinsi alivyojiamini. Alituongezea maji, akatupa na kibanio cha paipu, akamfunga Jabir bandeji.

Kwa mkono ule Jabir asingeweza kushika usukani wa mbio. Jina langu lilikuwa limeandikishwa kama dereva wa pili, kwa mzaha tu. Siku ya nne ikawa zamu yangu.

Nikajipanga na mto wangu na helmeti yako inayonipwaya. Akaja mkaguzi, mama mmoja mkavu, akavuta mkanda wangu, akauona mto. "Bu xing." Haiwezekani. Nikambembeleza kama tunavyobembeleza sokoni, nikatabasamu, nikamwita dada. Bu xing. Akaonyesha kidole kile kishikio cha chini na akasimama kusubiri.

Jabir akaniinamia dirishani. "Mke wangu, tukiishia hapa sitakulaumu. Siku tatu ni nyingi." Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba bila siku ya nne, Bi Mkubwa atarudi kama alivyorudi mwaka jana.

Nikamwomba Jabir asogee kando. Nikakishika kishikio mwenyewe. Kiti kilikataa kwanza, kilikuwa kimezoea kukaa pale. Nikavuta tena, na kikaja mbele mara moja kwa mlio, na pale sakafuni kilipokuwa kimekaa, nikayaona maganda yako ya mbegu za alizeti. Rundo zima. Mara ngapi nilikugombeza, "Gari si jalala!" nawe ukajibu, "Nitafagia kesho, Bi Afya." Nikachota machache nikayashika. Mkaguzi akageuka akajifanya anaangalia gari lingine.

Ulinifundisha kwamba pale mstarini taa ya kijani haisubiriwi, mtu anaondoka na ile ya manjano ya mwisho inayoitangulia. Nilisubiri kijani. Nilikuwa sioni vizuri, Kaka, machozi yalijaa ndani ya helmeti. Laoban aliniacha na kigari chake cha waridi kama nimesimama, na alipofika mwisho alinipungia mkono! Sekunde kumi na tano na kitu. Wa pili kutoka mwisho katika mashindano yote. Lakini kikaratasi nilikirudisha kabla ya kufungwa meza, na Jabir akaninyanyua kwa mkono mmoja mbele ya watu wote. Bi Mkubwa amemaliza.

Na sasa ndilo lile linaloniuma. Tuliporudi Sanyuanli, Jabir alisema, "Haya, tukirudishe kiti cha kaka yako mahali pake." Nikafungua mlango, nikashika kishikio, nikaganda. Sikuhesabu meno ya reli ya kiti. Nilikivuta bila kuhesabu. Jabir akakaa, akasema ni hapa. Kisha akasema hapana, jino moja nyuma. Mimi nikasema ni la mwisho kabisa. Tulijaribu, tukajaribu, na wote wawili hatukuwa na hakika. Miezi saba nimepalinda pale mahali pako, nikapapoteza kwa mvuto mmoja.

Jabir alinikumbatia mpaka nikanyamaza. Kisha nikakivuta kiti mbele, kwenye kipimo changu, na kimebaki hapo. Maganda sijayafagia.

Nisamehe kwa kiti. Nisamehe na kwa furaha yangu, maana ni nyingi, na wakati mwingine siku inapita hadi alasiri kabla sijakukumbuka.

Kabla ya mwezi huu kuisha nitakuja. Itakuwa Ijumaa, baada ya sala, na nitaendesha mwenyewe, Jabir akiwa kiti cha abiria na mkono wake uliopona. Nitang'oa majani nimpigie Mama picha nyingine. Nitakusomea Yasini, kisha nikusomee nakala za vikaratasi vyote vinne, siku kwa siku, mpaka hicho changu cha aibu.