Elisi ya watu sita

Jumatano. Mvua inanyesha tangu alfajiri na mtaa wetu wa Hewa Bora wote ni tope. Wateja hakuna. Nimefungua duka hivyo hivyo, maana nikibaki nyumbani nitawaza mpaka kichwa kiniume.

Nianze kwa kujisifu kidogo. Kuuza vipuri vya injini za boti katika mji usio na ziwa la maana ni kazi ya kichaa, na majirani wamenicheka mpaka wamechoka. Lakini wenye mitumbwi ya injini wa kutoka Kasenga mpaka Pweto wakifika Lubumbashi, wanafika kwangu. Baba alinifundisha kazi hii nikiwa bado msichana. Rafadha ya kusukuma boti majini, ambayo huku tunaiita elisi, naichagua bila kubahatisha.

Au ndivyo nilivyodhani hadi Jumapili.

Wiki iliyopita alikuja Papa Kambale, mtu wa Butembo anayeuza unga na chumvi kwa jumla hapa mjini. Vita vimesogea mpaka vijiji vya ziwa Moero. Barabara ya kwenda huko kutoka Kilwa, bandari ya ziwa hilo, imefungwa, na dada yake amekwama huko pamoja na familia. Papa Kambale alikuwa amenunua mtumbwi wa mbao wa mita nane kule Kilwa, na injini ya nguvu za farasi kumi na tano, ili aende mwenyewe kuwachukua. Elisi iliyokuja na injini ilikuwa imekatika panga moja.

Alitaka ya mbio. Kila anayekimbia vita anataka ya mbio, simlaumu. Nikamweleza kwamba elisi ina namba mbili: upana wake, na hatua, yaani inchi inazosogeza mtumbwi ikizunguka mara moja. Hatua ndefu inakupa mbio kama mzigo ni mwepesi. Mzigo ukiwa mzito, injini inakabwa, kama lori lililojaa linalopanda mlima kwa gia ya nne. Inapata moto, halafu inazima. Na katikati ya ziwa hakuna pa kuegesha.

Kwa hiyo nikamuuliza wako wangapi. "Bantu sita," akasema. Nikapiga hesabu ya sita na vifurushi vyao, nikampa ya hatua kumi na moja. Nilimsindikiza mpaka mlangoni na kiburi changu chote.

Jumapili natoka kanisani, simu inalia. Papa Kambale yuko Kilwa, injini imefungwa, anavuka kesho yake. Alitaka kunishukuru tu, kisha akatafute biskuti za watoto.

"Batoto gani?"

"Batoto ba dada, na ba majirani. Beko tisa, Mama Béa."

"Papa Kambale, uliniambia bantu sita!"

"Sita ba kukala. Batoto ni ba ku magoti. Ku taxi banalipaka?"

Nilitaka kumtukana. Nikashindwa, kwa sababu mji huu wote unahesabu hivyo. Mtoto wa magotini hana kiti, halipi, basi hayupo. Mimi mwenyewe nimekwenda Likasi na wangu wawili mapajani nikasema niko peke yangu. Niliuliza kama dereva wa taxi, nikajibiwa kama dereva wa taxi.

Lakini ziwa halina habari na magoti.

Nikamwambia asivuke, angoje elisi nyingine, ya hatua nane. Akanijibu: "Mama, kule masasi banasikia kila siku." Najua. Hata hivyo nikamwambia angoje. Sijawahi kumwomba mtu amwache dada yake kwenye risasi kwa ajili ya inchi tatu za chuma, tena kwa kosa langu. Niliogopa sana. Kosa sikulificha, nikamwambia ni langu, naye akakubali kungoja.

Kisha nikamwambia anitajie kila mmoja, jina na umbo. Niliandika nyuma ya kitabu changu cha nyimbo, watu wakinipita wakidhani nimepagawa. Shemeji yake ni mnene, kilo tisini. Bibi amekonda, arobaini. Watoto mmoja mmoja. Wa mwisho amezaliwa katika kukimbia huku huku, hana hata jina.

"Ule usimuandike," akasema Papa Kambale.

Nikamwandika. Kilo tatu.

Dukani nilikuwa na elisi moja tu ya hatua nane. Nikaifunga kwenye kitenge pamoja na pini na grisi, nikakimbia mtaa wa Annexe yanakopakia malori ya Kilwa, nikampa dereva ninayemjua. Njia ni matope matupu. Ilifika jana jioni.

Leo asubuhi Papa Kambale amejaza magunia mchanga, uzito wa orodha yangu yote, pamoja na yeye mwenyewe, akazunguka ufuoni na simu wazi ili nisikie. Injini ililia juu, safi, bila kukohoa. Mlio ule naujua tangu utotoni.

"Inaenda polepole," akalalamika.

Polepole, ndiyo. Saa nne akamwaga mchanga, akaondoka.

Toka hapo sikula. Kuhusu elisi sikuwa na shaka hata chembe. Kuhusu bunduki, mimi najua nini?

Saa kumi simu imelia. Wamefika Kilwa, wote, wakavu. Nimekaa chini kwenye sakafu ya duka nikalia kama mtoto, na sioni aibu kuliandika hilo.

Ila sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha. Alipowapakia watu wake, wengine walikuwa wamesimama kwenye maji mpaka kiunoni, wameinua watoto wao juu. Aliwaacha. Orodha yangu ndiyo iliyomfanya awaache, na mtumbwi ungezama kama asingewaacha. Yote mawili nayajua.

Kesho kukipambazuka anarudi. Mafuta yapo, elisi ni sahihi. Nimemuuliza wale waliobaki wanaitwa nani, hakujua. Nimemwambia akifika, kabla ya mtu yeyote kupanda, awaulize majina mmoja mmoja, aanze na wadogo.