Ndugu Yake Bibi Hakufika

Jumapili, Novemba 1992

Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani hadi saa tisa, kisha ikaacha ghafla. Nina furaha na aibu kwa pamoja, sijui nianze na ipi.

Nianze na kitabu. Mektilda, ninayekaa naye dawati moja, aliniazima. Hakina jalada, na kurasa za mwanzo zimenyofoka. Kinahusu watu wa mjini wanaojigeuza wanyama. Kondakta wa basi ni fisi. Karani wa benki ni kunguru. Na Zaina, mpiga chapa katika ofisi moja, jua likizama hugeuka pongo, akaingia kwenye bustani za matajiri na kula maua yao.

Sijawahi kupenda kitabu namna hii. Nikipita Bugene kwenda shule nawatazama watu na kujiuliza nani ana kwato ndani ya viatu.

Wiki nzima nimemsomea Bibi akiwa anamenya ndizi. Kitabu ni cha Kiswahili, mimi nakigeuza Kinyambo papo hapo. Darasani mwalimu huniambia nipaze sauti mpaka machozi yananilenga. Kwa Bibi sauti inatoka yenyewe.

Bibi amezaliwa katika ukoo ambao muziro wao ni pongo. Hawamli, hawampigi, wanamhesabu ndugu. Kwa hiyo Zaina alipogeuka mara ya kwanza, Bibi aliweka kisu chini.

"Huyo ni wa kwetu. Mjini anatafuta nini? Mwambie arudi nyumbani."

"Bibi, siwezi kumwambia. Ameshaandikwa."

"Si wewe unayesoma? Mwambie!"

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kitabu, anauliza kama Zaina amekula.

Jana asubuhi nilitangulia kusoma peke yangu. Walinzi wa bustani wanampiga Zaina rungu, wanauza nyama. Wapangaji wenzake wanainunua bila kujua, wanakula, wanasifu mchuzi. Kisha kitabu kinaendelea bila yeye.

Jioni Bibi alipokaa na ndizi zake, nilimwambia Zaina amepanda basi, ameshuka Omurushaka, amepanda mlima mpaka kwao. Nilikuwa nimekodolea macho ukurasa kana kwamba nasoma.

Bibi alipiga vigelegele. Jirani yetu Mama Koku alipopita, akasimuliwa yote.

Nilijiambia namhurumia Bibi. Si kweli. Niliogopa kwamba akichukia hatanisikiliza tena, na sina mwingine wa kumsomea.

Leo mvua ilipoacha, Bibi alikichukua kitabu mwenyewe. Hajui herufi hata moja. Aliweka kidole gumba kwenye unyasi ninaouweka kama alama, akazipima kurasa zilizobaki.

"Mke mwenzangu," akasema, "mtu akishafika nyumbani salama, hizi zote wanaandika nini?"

Nikamwambia nimedanganya. Kisha nikasoma ukurasa wenyewe, polepole, bila kuruka neno.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Walimlilia?"

Nilitazama tena, ingawa nilijua.

"Hapana, Bibi."

Alimenya ndizi mbili, tatu.

"Basi kesho silimi."

Huku kwetu mtu akifa, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe. Lakini palizi ya maharage haijafika hata nusu!

"Bibi, ni hadithi tu."

"Kwani mimi mtoto? Najua ni hadithi. Jembe litakaa palepale. Na wewe endelea, nataka kujua yule fisi wa basi atapata nini."

Nikaendelea mpaka mwanga ukaisha.

Hiyo ndiyo furaha yangu. Aibu bado ipo, maana Mama Koku hupita alfajiri ili waende shambani pamoja. Ataliona jembe limeegemea ukuta, atauliza nani amefariki. Nilimwomba Bibi anieleze la kusema. Akasema yeye hakumdanganya mtu.

Nimejaribu maneno haya mara tano, kimya kimya. Kesho yatatoka kwa sauti, nikiwa na sare yangu na madaftari kwapani:

Shikamoo, Mama Koku. Yule ndugu yake Bibi hakufika. Alifia mjini, na mimi nilijua.